Kabla ya Kumwambia Mtoto Anawe Mikono



Jumamosi moja ya kazi za kitume nilipangiwa kundi la watoto wa Utoto Mtakatifu katika kigango kilicho pembezoni mwa mji. Mada niliyopewa ilikuwa usafi wa mikono. Nilijiandaa kama anavyojiandaa mwanafunzi wa falsafa: nilikuwa na maana, sababu na hatua zote zimepangwa kwa mfuatano. Watoto walisikiliza, wakarudia hatua zile kwa sauti, wakapiga makofi. Mwishoni nikauliza kama kuna swali. Mtoto mmoja wa Darasa la Tatu akanyoosha kidole.

"Frateri, tukitoka chooni tunawe wapi?"

Sikuwa na jibu. Choo cha kigango kiko nyuma ya kanisa, na siku ile hakikuwa na hata kopo la maji. Ndoo pekee ilikuwa sakristia, na sakristia hufungwa kwa kufuli. Nyumbani kwa wengi wa watoto wale maji hununuliwa kwa dumu, na kila dumu hupigiwa hesabu: ya kunywa, ya kupikia, ya kuoshea vyombo, ya kumwogesha mdogo. Kipindi kilipokwisha, katekista wetu, mzee aliyekilea kigango kile kwa miaka mingi, aliniita pembeni akaniambia kwa upole: "Frateri, hawa watoto kunawa wanajua. Shuleni wanafundishwa. Pa kunawia ndipo hawana."

Makala hii imetokana na maneno hayo. Napenda kueleza kwa nini mikono ya mtoto inahitaji maji na sabuni, kwa nini maneno peke yake hayamfundishi mtoto kunawa, na nini parokia, kigango au jumuiya inaweza kufanya hata pale ambapo maji ni ya shida.

Mikono hubeba nini?

Magonjwa mengi yanayowasumbua watoto wetu hupita njia moja fupi: kutoka kwenye kinyesi hadi mkononi, kutoka mkononi hadi mdomoni. Kuhara, kipindupindu, homa ya matumbo na baadhi ya minyoo ya tumboni hupita njia hiyo. Mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo uliochafuliwa. Mtoto huchezea udongo huo, kisha hushika andazi. Hakuna alichokosea, amecheza kama watoto wote wanavyocheza.

Mikono hubeba pia magonjwa ya njia ya hewa na ya macho. Mkono uliofuta makamasi hushika mkono wa mwenzake, na huyo mwenzake hujipangusa pua au macho. Hivyo huenea mafua na maambukizi yanayoweza kuishia kwenye nimonia. Ugonjwa wa macho uitwao vikope, yaani trakoma, huenezwa na mikono, nguo na inzi pale ambapo nyuso za watoto hazioshwi. Duniani kote, nimonia na kuhara bado ni miongoni mwa magonjwa yanayoua watoto wengi walio chini ya miaka 5.

Sisi Watanzania hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea katika mikoa mingi na kuendelea hadi mwaka uliofuata. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, karibu kila kanisa liliweka ndoo yenye bomba mlangoni. Waamini tulinawa kabla ya Misa, watoto kwa wazee, bila kuhitaji semina ndefu. Ndoo zile ziko wapi leo? Katika vigango kadhaa nilivyopita nimezikuta stoo, nyingine zimewekewa mahindi. Ugonjwa ule ulipoacha kutangazwa, ndoo zikaondoka mlangoni. Kuhara hakujaondoka.

Kwa nini sabuni?

Wazazi wengi huamini kwamba maji yakishapita mkononi, mkono umetakata. Hebu tufikirie sufuria iliyokaangiwa samaki. Ukiimwagia maji matupu, maji huteleza juu ya mafuta na sufuria hubaki na utelezi. Ngozi ya mkono nayo ina mafuta yake, na vijidudu hunata humo. Chembe ya sabuni ina ncha mbili: moja hushikana na mafuta, nyingine hushikana na maji. Tunaposugua, sabuni huyang'oa mafuta pamoja na uchafu na vijidudu, kisha maji huvichukua vyote. Kwa hiyo kazi ya kunawa hufanywa na vitu vitatu pamoja: sabuni, kusugua na maji yanayotiririka.

Kutiririka kwa maji kuna umuhimu wake. Katika nyumba zetu nyingi, kabla ya chakula beseni moja huzungushwa. Kwa heshima anaanza mgeni, wanafuata wazee, na watoto huwa wa mwisho. Mtoto, ambaye mwili wake ni dhaifu kuliko wote, huchovya mikono katika maji yaliyokwisha kubeba uchafu wa watu wazima wote. Desturi ya kunawishana ni nzuri na hatuna haja ya kuiacha. Turudie tu namna yake ya asili: mmoja amimine maji kwa birika au kopo, maji yaangukie beseni, na pasiwe na mtu wa kuchovya mikono humo.

Wala haihitajiki sabuni ya bei kubwa. Mwaka 2005 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika katika makazi duni ya Karachi, Pakistani. Familia zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa zililinganishwa na zile ambazo hazikupewa. Katika familia zilizopewa, nimonia kwa watoto walio chini ya miaka 5 ilipungua kwa takriban nusu, na kuhara kwa watoto walio chini ya miaka 15 kulipungua pia kwa takriban nusu. Sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawasawa na ile yenye dawa ya kuua vijidudu. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha.

Kujua bado si kutenda

Hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndipo masomo ya falsafa yalipokutana na swali la yule mtoto.

Aristotle anafundisha kwamba fadhila za kimaadili hazipatikani kwa kusikiliza mafundisho tu. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki mara kwa mara, hadi tendo liwe mazoea ndani yake. Kunawa mikono si fadhila kwa maana kamili, lakini huingia kwa mtoto kwa njia hiyohiyo. Mtoto aliyenawa mara mia tano hasumbuliwi tena na swali la kunawa au kutonawa. Mikono yake yenyewe hutafuta maji.

Mwanafalsafa huyohuyo anasema jambo jingine ambalo tunalisahau kwa urahisi: ni vigumu kutenda mema bila vitendea kazi. Mtu anaweza kuwa na nia njema na akakosa njia. Tukimfundisha mtoto kunawa mahali pasipo maji, hatumjengei mazoea yoyote. Tunampa sentensi ya kujibia mtihani, na pengine tunampa aibu juu yake, kwa maana sasa anajua kwamba mikono yake ni michafu na hana la kufanya.

Tuurudie ule utafiti wa Karachi kwa jicho hilo. Familia zile hazikupewa mafundisho peke yake. Zilipewa sabuni, na wahudumu walizitembelea nyumbani kila wiki. Kifaa kilikuwapo na mtu wa kuwatia moyo alikuwapo.

Mfano mwingine unatoka Bangladesh, katika shule mbili za msingi za vijijini. Watafiti walijenga sehemu za kunawia, kisha wakachora njia yenye rangi kutoka chooni hadi hapo, wakachora nyayo kwenye njia hiyo na alama za viganja mahali pa kunawia. Hawakutoa somo la afya. Kabla ya hapo ni watoto 4 tu katika kila 100 waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya kutoka chooni. Siku moja baada ya kazi kukamilika walifika 68, na wiki sita baadaye walikuwa 74. Mtoto akiona nyayo huzifuata, na zikimfikisha kwenye maji na sabuni hunawa.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya watoto na maskini tu. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari na wanafunzi wao waliotoka kupasua maiti walikuwa wakiwapelekea akina mama wazazi homa ya uzazi kwa mikono yao wenyewe. Mwezi Aprili mwaka huo, takriban akina mama 18 katika kila 100 walifariki katika wodi yake. Aliagiza kila anayeingia anawe kwanza kwa maji yenye klorini. Kufikia Juni, vifo vilishuka hadi takriban 2 katika kila 100. Hata hivyo madaktari wengi wa wakati wake walimpinga. Kama wasomi wa Vienna walihitaji kuwekewa maji na kusimamiwa, tusishangae mtoto wa Darasa la Tatu akihitaji vivyo hivyo.

Je, Yesu hakujali kunawa mikono?

Swali hili huulizwa katika vipindi vya katekesi, na wakati mwingine huulizwa na mtoto anayetafuta njia ya kukwepa maji. Katika Injili ya Marko sura ya 7 na ya Mathayo sura ya 15, Mafarisayo wanalalamika kwamba wanafunzi wa Yesu wanakula bila kunawa. Yesu anawajibu kwamba kinachomtia mtu unajisi ni kile kinachotoka moyoni mwake.

Tuwaeleze watoto kwa uaminifu. Mabishano yale hayakuhusu vijidudu. Yalihusu desturi ya kujitakasa kidini, na Yesu aliwakemea waliotumia desturi hiyo kuwahukumu wengine huku mioyo yao ikiwa mbali na Mungu. Hakuwakataza watu kuwa safi. Katika Misa padre hunawa mikono kabla ya Sala ya Ekaristi, akiomba atakaswe dhambi zake. Kunawa huko ni ishara ya moyo. Kunawa kwa mtoto kabla ya kula ni kutunza uhai aliopewa na Mungu. Mambo hayo mawili ni tofauti, wala hayapingani.

Naona kwamba Injili hiyo ina onyo kwetu tunaofundisha usafi. Tunaweza nasi kugeuka Mafarisayo: tukamtazama mtoto mwenye mikono yenye vumbi tukamhukumu yeye na mama yake, bila kuuliza maji yako umbali gani. Umaskini si uchafu. Mama anayegawa dumu moja kwa watu saba anajua thamani ya maji kuliko frateri anayefungua bomba seminarini. Katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alifundisha kwamba kupata maji safi na salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Basi mtoto anapokosa maji ya kunawa, jamii nzima ina deni kwake.

Kibuyu chirizi

Njia rahisi ninayoifahamu ya kuanza kulipa deni hilo ni kibuyu chirizi. Wengi wamekiona shuleni au kwenye zahanati. Hutengenezwa hivi:

1. Tafuta dumu la lita 3 au 5 lenye mshikio. Lisiwe limewahi kubeba dawa za kilimo wala mafuta ya taa. Lioshe vizuri.

2. Mtu mzima apashe msumari moto na kutoboa tundu dogo upande wa mbele wa dumu, chini kidogo ya shingo. Maji yajazwe hadi chini ya tundu hilo, ili yatoke pale tu dumu linapoinama.

3. Chimbia nguzo mbili zenye panda. Pitisha kijiti imara kwenye mshikio wa dumu na ukilaze juu ya panda hizo. Pima urefu kwa kumsimamisha mtoto mdogo kuliko wote. Yeye akifikia, wote watafikia.

4. Funga kamba shingoni mwa dumu, na ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kilicho chini, karibu na ardhi. Mtoto akikanyaga kijiti hicho, dumu huinama na maji huchirizika. Akiachia, dumu hurudi na maji hukoma.

5. Toboa kipande cha sabuni katikati, kipitishie kamba na kukining'iniza pembeni. Kopo lililofunikwa juu yake litakizuia kisiyeyuke kwa mvua.

6. Mwaga kokoto chini ya dumu ili pasiwe na tope wala maji yaliyotuama.

Faida yake ni mbili. Mkono uliotoka chooni haushiki dumu wala bomba, kwa sababu mguu ndio unaofungua maji. Tena maji yanayotumika ni kidogo sana, na hilo ni jambo kubwa kwa anayenunua maji.

Mahali pa kukisimika ni muhimu kuliko uzuri wake. Kiwe kati ya choo na mahali watoto wanaporudi kucheza au kula, njiani kabisa, pasipohitaji kukumbuka. Pale penye sakafu, chora nyayo kwa rangi. Penye udongo, panga mawe madogo kutoka mlango wa choo hadi kwenye dumu.

Namna ya kumfundisha mtoto

Maji yakishakuwapo, maneno yetu nayo yatakuwa na kazi. Haya nimeyaona yakisaidia.

Onyesha kabla ya kueleza. Mpake mtoto mafuta kidogo ya kupikia viganjani, kisha unga wa mkaa. Mwambie anawe kwa maji matupu. Weusi utabaki. Kisha anawe kwa sabuni. Ataelewa kwa macho yake lile nililolieleza hapo juu kwa aya nzima.

Mpe kipimo cha muda. Inashauriwa kusugua kwa sekunde 20 hivi: viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha. Mtoto hana saa. Salamu Maria mbili zisizo za haraka hukaribia muda huo, na mtoto hujifunza kumwelekea Mungu katika tendo dogo la kila siku.

Taja nyakati chache. Baada ya kutoka chooni na kabla ya kula, hizo ni za kila mtoto. Anayemlea mdogo wake aongeze mbili: baada ya kumsafisha mtoto, na kabla ya kumlisha. Tukitaja nyakati kumi, hatashika hata moja.

Nawa pamoja naye. Katekista, mzazi na frateri wapange foleni na watoto. Mtoto akiona padre naye anakanyaga kijiti, hatahitaji sababu nyingine.

Usimwaibishe. Usikague kucha za mtoto mbele ya wenzake. Wala usimtume nyumbani kumkosoa mama yake. Mwambie amwonyeshe mama alichojifunza kutengeneza. Tukumbuke pia kwamba kuchota maji mara nyingi huachiwa mtoto wa kike. Zamu ya kujaza dumu iwe ya wavulana na wasichana sawasawa.

Yaliyotupata

Nisidanganye kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Wiki mbili baada ya swali lile, tulirudi na dumu, kamba na sabuni. Katekista alichimbia nguzo mwenyewe, na watoto walikanyaga kijiti kwa furaha hadi maji yakaisha. Jumapili iliyofuata sabuni haikuwapo. Tukaweka nyingine, nayo ikachukuliwa. Baadaye kamba ikakatika, na dumu likakaa tupu wiki nzima.

Nilikata tamaa kidogo. Lakini mama mmoja wa jumuiya alinieleza kwamba aliyechukua sabuni huenda alikuwa na nguo za kufulia, na akatupa njia mbadala: tuloweke vijiko vichache vya sabuni ya unga kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, tutoboe kizibo, tuifunge kwenye nguzo. Maji ya sabuni hayana mvuto kwa mtu anayetaka kufua, na hutakasa mikono vizuri. Chupa ile haijaibwa.

Jambo lililosaidia zaidi ni zamu. Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za kigango zilikubali kupokezana. Kila wiki jumuiya moja huleta dumu la maji na kuangalia chupa ya sabuni, nao watoto wa Utoto Mtakatifu hujaza na kufagia pale chini. Hakuna familia iliyobebeshwa mzigo peke yake. Bado ziko Jumapili ambazo dumu huwa tupu. Ila siku hizi likiwa tupu watoto hulalamika, na malalamiko hayo yananifurahisha, kwa sababu mtu halilii jambo ambalo bado halijawa mazoea yake.

Kila tarehe 15 Oktoba, tangu mwaka 2008, dunia huadhimisha siku ya kunawa mikono. Mafrateri wenzangu, tukipangiwa kufundisha siku hiyo au siku nyingine yoyote, tutangulie kigangoni mapema tutazame choo kiko wapi na maji yako wapi. Nanyi wazazi na viongozi wa jumuiya, itoeni stoo ile ndoo ya mwaka 2020.

Usiku ule wa Karamu ya Mwisho, Bwana wetu hakuanza na hotuba. Aliinuka mezani, akajifunga kitambaa, akamimina maji katika beseni, akawaosha wanafunzi wake miguu. Maelezo aliyatoa baadaye, wakiwa wamekwisha kuoshwa. Sisi tunaofundisha watoto wake tufuate utaratibu huohuo: tulete maji kwanza.